UZI: Siku ya kwanza ya riwaya kongwe katika darasa la Kiingereza (wanafunzi wa miaka 11 hadi 14). Mnaanzia wapi?

#1 Chaki_Mkononi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Kuna swali linanirudia kila muhula kutoka kwa wenzetu wanaofundisha Kiingereza kwa watoto wa umri huu wa katikati, ambao si wadogo tena wala hawajawa vijana: nimepangiwa riwaya kongwe, nifanye nini siku ya kwanza? Nitaeleza ninavyofanya mimi, na nilivyokuwa nakosea kabla, halafu mnikosoe.

Nilipoanza kazi, siku ya kwanza ilikuwa ya mwandishi. Kazaliwa lini, kasoma wapi, kaoa nani, kafa lini. Kipindi cha pili kilikuwa cha karne aliyoishi. Cha tatu ni maneno 40 ubaoni, wayanakili pamoja na maana zake. Tukija kufungua kitabu kipindi cha nne, darasa limeshakichoka kitabu ambacho halijakisoma. Niliwalaumu watoto kwa uvivu. Kisha mwaka mmoja mwanafunzi alinyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mwalimu, hadithi yenyewe inaanza lini?" Sikuwa na jibu, na tangu siku ile nimebadili mpangilio wote.

Ninachoamini sasa ni kwamba riwaya ijitambulishe yenyewe, kwa sauti yake. Mwandishi, historia na msamiati vina nafasi yao, ila vinakuja pale mtoto anapokwama au anapotaka kujua, si kabla. Mtoto wa miaka 12 hawezi kujali maisha ya mtu ambaye bado hajamsimulia chochote.

Nitumie Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, maana ndiyo ninayoifundisha zaidi. Ina sura 34 fupi, na karibu kila sura inakatika pale msomaji anapotaka kuendelea. Kabla vitabu havijagawiwa, nawaambia hivi: mzazi wako ana nyumba ya wageni kando ya bahari. Amekuja mgeni, baharia mzee mwenye kovu la upanga shavuni, kasha kubwa, na hasira za karibu. Anakuita pembeni na kukuahidi sarafu moja ya fedha kila tarehe 1 ya mwezi. Kazi yako ni moja tu: ukimwona baharia mwenye mguu mmoja, umwambie mara moja. Unakubali? Ungemuuliza nini kabla ya kukubali? Kila mmoja aandike maswali matatu, kwa Kiingereza chake alichonacho, makosa si kitu.

Hapo ndipo utaona darasa likiamka. Anamwogopa kwa nini? Huyo mtu kamkosea nini? Mbona asiende kuripoti? Kwenye kasha kuna nini? Mwaka jana binti mmoja aliandika: "Kwa nini anamtuma mtoto?" Swali hilo moja lingetutosha wiki nzima.

Baada ya hapo nafungua kitabu na kusoma sura ya kwanza kwa sauti, mimi mwenyewe, bila kusimama kueleza. Nimeifanyia mazoezi nyumbani usiku uliotangulia. Najua nahodha (ndivyo yule baharia mzee anavyoitwa kitabuni) anapofoka, najua Dk. Livesey, daktari wa eneo hilo, anapomjibu kwa utulivu huku kisu kikiwa kimeshatolewa. Neno likiwa gumu mno natupia maana yake kwa sekunde mbili na kuendelea. Sura ikiisha, tunarudi kwenye maswali yao: yapi yamejibiwa, yapi bado, yapi mapya yamezaliwa. Maswali yale yanabaki ukutani hadi kitabu kinaisha.

Kipindi cha pili ndipo tunarudi kwenye sentensi ya kwanza ya kitabu, ambayo jana ilipita masikioni tu. Ina maneno 90 hivi. Mtoto akiiona peke yake inamtisha, na ana haki. Naiandika ubaoni vipande vipande na kuwaomba watafute nani anafanya nini. Mtendaji mwenyewe, yule "I" anayeshika kalamu, anajitokeza baada ya maneno 48! Wakishamkamata, sehemu nyingine zote zinajipanga. Na humo ndani kuna siri ambayo wengi huipita: msimulizi anasema ameombwa aandike kila kitu bila kuficha, isipokuwa mahali kisiwa kilipo, kwa sababu bado kuna hazina ambayo haijachukuliwa. Mwulize mtoto wa miaka 12 maana ya jambo hilo. Usimsaidie. Subiri.

Halafu daima kuna mmoja atakayesema kuhusu Jim, mvulana anayesimulia: "Basi Jim hafi, maana ndiye anayeandika." Hapo umeshafundisha usimulizi wa nafsi ya kwanza bila kuutaja. Swali linalofuata linajileta: kama tunajua hafi, mbona bado tunaogopa?

Na mwandishi je? Anakuja, ila kwa wakati wake. Tukifika sura ya 4, kasha linapofunguliwa, ndipo nawaambia kwamba orodha ya vitu vilivyomo ilipendekezwa na baba mzazi wa Stevenson, Thomas, mhandisi wa minara ya taa, ambaye aliipenda hadithi hii kama mtoto. Tukifika sura ya 6, ramani inapokunjuliwa, nawaambia kwamba kitabu chote kilizaliwa na ramani: mwaka 1881, huko Braemar, Scotland, katika siku za mvua, Stevenson na mtoto wa mke wake, Lloyd, walikuwa wakichora na kupaka rangi, ikatokea ramani ya kisiwa, na hadithi ikafuata. Kila sura alipoimaliza aliwasomea nyumbani. Yaani kitabu hiki kilisomwa kwa sauti kabla hakijachapishwa, na ndiyo sababu nyingine inayonifanya nikisome kwa sauti. Baadaye ramani ile ya kwanza ilipotea ilipotumwa kwa mchapishaji, akalazimika kukisoma upya kitabu chake mwenyewe na kuichora tena kwa kufuata maandishi. Watoto wakisikia hayo wanaomba nao wachore. Nawaruhusu, kwa sharti lile lile la mwandishi: wachore kwa kufuata maandishi tu.

Habari hizo hizo, ningezitoa siku ya kwanza, zingekuwa vumbi.

Karibuni. Nani anafanya tofauti?


#2 Kalamu_Nyekundu

Mwalimu Chaki, nimekusoma hadi mwisho na nakuheshimu, lakini hapa nitakupinga kidogo.

Kuna utafiti wa Recht na Leslie wa mwaka 1988 ambao kila mwalimu wa lugha angepaswa kuufahamu. Walichukua wanafunzi 64 wa darasa la 7 na la 8, wakawapa maelezo ya mchezo wa besiboli wasome. Baadhi walikuwa wasomaji hodari, baadhi dhaifu. Baadhi waliujua mchezo, baadhi hawakuujua. Waliokuwa dhaifu kwa kusoma lakini wanaujua mchezo walielewa na kukumbuka vizuri kuliko hodari wasioujua. Kumbe kuelewa kunategemea sana unachokijua kabla ya kufungua kitabu.

Sasa mtoto ambaye hajawahi kupanda jahazi, hajui mlingoti wala shetri, unamtupa baharini na maharamia wa karne ya 18 bila maandalizi? Wale wenye kwao vitabu vimejaa wataogelea. Wengine watanyamaza, na wewe utadhani kimya chao ni utulivu. Mimi natoa vipindi viwili vya maandalizi na sioni aibu.


#3 Chaki_Mkononi

Kalamu, umenigusa panapouma, na sina ubishi na utafiti huo. Ila hebu tazama ulichokisema: kilichowasaidia wasomaji dhaifu ni ujuzi wa mchezo wenyewe. Haukuwa ujuzi wa maisha ya aliyeandika yale maelezo.

Kuna ujuzi ambao hadithi inasimama juu yake, na kuna ujuzi unaohusu kitabu. Mtoto asipojua kwamba kwenye meli nahodha ndiye sheria, na kwamba mabaharia wakimgeuka huo ni uasi unaoadhibiwa kwa kifo, hataelewa kwa nini Jim anatetemeka ndani ya pipa la matufaha katika sura ya 11. Hilo lazima alijue. Nalifundisha kabla ya sura ya 7, kwa mchoro wa meli ubaoni na dakika 15. Nani analala wapi, chakula kinawekwa wapi, usukani uko wapi, silaha nani anazishika. Lakini nalifundisha siku meli inapokaribia kung'oa nanga. Siku ya kwanza tuko nyumba ya wageni, na nyumba ya wageni kila mtoto anaweza kuifikiria.

Kuhusu wanaonyamaza uko sahihi kabisa, na hapo nimewahi kudanganyika. Siku hizi baada ya sura ya kwanza kila mmoja ananiandikia mstari mmoja: nani anamwogopa nani. Nikikuta watano hawajui, kesho yake naanza nao.


#4 Binti_Maktaba

Mimi si mwalimu, nahudumu maktaba ya shule, naomba nichangie kwa upande wangu.

Kitabu hiki kina tafsiri ya Kiswahili, Kisiwa chenye Hazina, aliyoitoa Frederick Johnson zamani sana, mwaka 1929. Kiswahili chake ni cha enzi hizo, lakini mahali nilipopata nakala nimeona ikifanya kazi ambayo sikuitarajia. Mwalimu mmoja huwapa watoto ukurasa mmoja wa Kiswahili na ukurasa uleule wa Kiingereza, walinganishe. Mtafsiri kakata wapi ile sentensi ndefu? Baharia anayetukana kwa Kiingereza, kwa Kiswahili anatukanaje? Watoto ambao kwa Kiingereza hawafungui kinywa, siku hiyo ndio wanaosahihisha wenzao, maana lugha moja wanaimiliki wao.

Kuhusu matoleo yaliyofupishwa, ombi langu ni moja: yasiwe siri na yasiwe aibu. Mtoto akianza na lile lililofupishwa akalipenda, mara nyingi anarudi kuomba lile zima. Ninachokikataa ni shule kusema "tumesoma" riwaya fulani wakati watoto wamesoma muhtasari wa kurasa chache. Walichokosa hapo ndicho kitabu chenyewe.


#5 Mwalimu_Mgeni

Shikamooni walimu wangu. Mimi ndio muhula wangu wa kwanza kazini na riwaya hii hii nimepangiwa, naanza wiki ijayo. Nimeusoma uzi huu mara mbili.

Shida yangu: wanafunzi 43, nakala 12. Nilikuwa nimepanga kila kundi lipokezane kusoma kwa sauti, mtoto mmoja aya moja, tuzunguke. Lakini nikikumbuka nilivyokuwa nachukia jambo hilo nikiwa mwanafunzi, nahesabu aya yangu iko wapi huku sisikii wanachosoma wengine, nasita. Nifanyeje?


#6 Babu_Sarufi

Marahaba, mwanangu, na karibu kwenye kazi. Nimeifanya kazi hii miaka 31 na sasa nimepumzika, ila masikio bado yako darasani.

Kumbukumbu yako hiyo iamini. Ule mzunguko wa aya kwa aya uache, hasa kwa riwaya kongwe. Mtoto anasoma sentensi asiyoijua mbele ya wenzake, anajikwaa, wanacheka, na hadithi inakufa mikononi mwake. Soma wewe. Nakala 12 kwa watu 43 ni watoto watatu au wanne kwa kitabu kimoja: macho yao yafuate maandishi huku masikio yakikufuata wewe. Wanaotaka kusoma wataanza kukuomba baada ya sura tatu. Wape mazungumzo, wawe Silver, yule baharia wa mguu mmoja, wawe Dk. Livesey, na uwaambie siku moja kabla ili wajiandae.

Halafu usihangaike na nakala. Stevenson alifariki mwaka 1894, kitabu kilitoka mwaka 1883, haki zake zimeshaisha muda. Kinapatikana bure kwenye Project Gutenberg. Chapa sura unazozitaka, na ukiweza uongeze nafasi kati ya mistari ili waandike maana za maneno pembeni.

Na usiende polepole mno. Nilipokuwa kijana tulikuwa tunatafuna kitabu kimoja mwaka mzima, aya moja kipindi kizima, hadi mtoto anasahau aliyeuawa ni nani. Mwaka 2019 Jo Westbrook na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walichapisha matokeo ya walimu 20 wa Kiingereza waliosoma na wanafunzi wa miaka 12 hadi 13 riwaya mbili nzima, ngumu, kwa sauti na kwa kasi, ndani ya wiki 12. Kwa wastani ufahamu wao ulipanda kwa kiasi cha miezi 8.5. Waliokuwa wasomaji dhaifu walipanda kwa miezi 16. Wale tunaowapunguzia mwendo kwa huruma ndio waliofaidika zaidi na mwendo. Nilipousoma niliwakumbuka watoto wengi niliowachelewesha mimi.


#7 Kalamu_Nyekundu

Mzee wangu, utafiti huo naujua, ila tuukumbuke vizuri: ulifanyika Uingereza, kwenye shule ambazo Kiingereza ndicho lugha ya kila kitu. Sisi tunaofundisha Kiingereza kama lugha ya pili tuna hesabu nyingine. Hu na Nation mwaka 2000 walionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takribani asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi vizuri bila msaada. Kwa ukurasa wa maneno 300, hayo ni maneno 6 tu asiyoyajua. Fungua ukurasa wa kwanza wa Treasure Island ukiwa na mwanafunzi wa kawaida wa lugha ya pili, uone kama mtaishia 6.

Sisemi tusiwape. Nasema kasi ya Sussex tusiibebe kama ilivyo.


#8 Chaki_Mkononi

Nakubali, na nadhani neno la kushika katika hesabu hiyo ni "bila msaada". Sauti ya mwalimu ni msaada, mchoro ni msaada, Kiswahili ni msaada. Riwaya kongwe kwa lugha ya pili isiwe kazi ya mtoto peke yake kitandani kwake; kwa kazi hiyo ana vitabu vyepesi vya kujichagulia. Hii tunaisoma pamoja.

Kuhusu maneno, nieleze ninavyoyachambua, maana hapa ndipo wengi tunapoteza vipindi. Nikiisoma sura nyumbani najiuliza kila neno gumu linastahili nini. Lipo neno la kupewa tu, kama jina la kipande cha meli: naligusa kwenye mchoro, basi, hakuna zoezi. Lipo la kukisiwa, kwa sababu mazingira yanalifichua. Hapo nanyamaza kwa makusudi, nawaacha wabishane. Na yapo machache, matatu au manne kwa sura, ambayo mtoto ataondoka nayo maisha yote, maneno ya tabia za watu na ya hisia, yatakayomfaa akisoma kitu kingine chochote. Haya ndiyo ninayoyafundisha kwa nguvu zangu zote: tunayatamka, tunayaigiza, tunayatungia sentensi zinazotuhusu. Ile orodha yangu ya zamani ya maneno 40 ilikuwa imewapa hadhi sawa neno la kamba ya tanga na neno la usaliti.

Kwa mwendo, mimi nasoma sura 3 kwa wiki. Zile za mapigano ambazo ni nzito kwa majina ya sehemu za meli nasimulia kipande na kusoma kipande. Nilikuwa nasononeka kufanya hivyo, sasa hapana. Sura ya 5, ya kipofu Pew usiku barabarani, siikati hata neno.


#9 Mama_wa_Wawili

Hamjambo walimu. Mimi ni mzazi. Kijana wangu ana miaka 13, ameshatazama filamu ya hadithi hii, sasa anasema hana haja ya kusoma. Binti yangu wa 11 naye ameuliza kwa nini kwenye kitabu chote hakuna msichana hata mmoja. Na mimi mwenyewe nilipokipitia nikakuta maneno ya zamani kuhusu mke wa Silver ambaye ni mweusi, maneno ambayo singependa yasomwe mbele ya darasa kama vile ni kawaida. Mnayashughulikiaje haya?


#10 Chaki_Mkononi

Mama, asante sana. Laiti kila mzazi angekipitia kitabu kabla ya mtoto.

Nianze na la mwisho maana ndilo zito. Neno la aina hiyo linajitokeza hata katika sura ya mwisho kabisa, na mwalimu asiyesoma kitabu hadi mwisho kabla ya kuanza litakuwa limeshamtoka mdomoni. Mimi silitamki. Tunapofika hapo nasimama, nawaambia wazi kwamba enzi ile waandishi wengi waliandika hivi kuhusu watu weusi, kwamba ni dharau, na kwamba mwanamke huyu kitabuni hapewi jina wala sentensi moja ya kusema ingawa Silver anamwachia fedha na biashara yake yote. Halafu nawauliza: angepewa sura moja asimulie yeye, angesema nini kuhusu mume wake? Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kusahihisha zimetoka kwenye swali hilo. Vilevile kuhusu mguu wa Silver na upofu wa Pew: nawauliza kama mwandishi ameutumia ulemavu kututisha, na kama Silver, ambaye ndiye mwerevu na hodari kuliko wote melini, anaivunja picha hiyo au anaikazia. Hawakubaliani kamwe. Rafiki wa Stevenson, mshairi W. E. Henley, ambaye alikuwa amekatwa mguu, alichangia kumzaa Silver, na Stevenson mwenyewe alimkiri hivyo. Hilo nalo nawapa hapo.

Binti yako ana jicho kali. Ni kweli, na ilikuwa kwa makusudi: mtoto Lloyd aliomba wanawake wasiwemo. Mwambie lakini amtazame mama yake Jim katika sura ya 4. Maharamia wako njiani, kasha liko wazi, na yeye anahesabu sarafu. Hataki kuchukua hata senti zaidi ya deni analodai, na hataki kupungukiwa hata senti. Je, ni uaminifu au ni ukaidi unaohatarisha mtoto wake? Binti yako akikupa jibu, naomba uniletee hapa.

Kijana wa filamu: usimnyang'anye ushindi wake. Mwambie anajua kitakachotokea, kwa hiyo atazame kitu ambacho filamu haikuweza kumwonyesha. Katika kitabu, Jim ameota ndoto mbaya miezi mingi kuhusu mtu wa mguu mmoja. Kisha sura ya 8 anakutana na Silver mwenye mguu mmoja, mchangamfu, anamwita vizuri, anamweleza habari za meli wanazopita bandarini, na Jim anampenda. Anaanza kumshuku, halafu anajitoa wasiwasi mwenyewe. Akili hiyo inayojidanganya iko ndani ya kichwa cha msimulizi, na kamera haiingii humo. Asome sura ya 8 tu, atafute sentensi ambapo Jim anadanganyika.


#11 Kalamu_Nyekundu

Nikiri kwamba mfano huo wa sura ya 8 nitauiba.

Mimi hutumia Great Expectations ya Dickens, na nakubaliana nanyi kwa jambo moja: mwanzo wake pale makaburini, mtoto yatima na mfungwa aliyetoroka, hauhitaji utangulizi wowote. Dickens aliitoa kila wiki kwenye jarida lake, All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Watu walisubiri wiki nzima. Mimi nafanya vivyo hivyo: naikata pale alipokata yeye, na Ijumaa sisemi chochote kuhusu kinachofuata, hata wakinisihi. Ila ina sura 59, na kwa umri huu nasoma theluthi ya kwanza tu kwa ukamilifu, nyingine nawasimulia. Wanaotaka zima nawaazima.


#12 Babu_Sarufi

Hiyo ya Ijumaa, Kalamu, na Treasure Island nayo inaikubali. Ilitoka kwanza kwa vipande kwenye jarida la vijana, Young Folks, kuanzia Oktoba 1881 hadi Januari 1882. Kukatwa kwake si bahati.

Mwanangu Mgeni, umefikia wapi?


#13 Mwalimu_Mgeni

Shikamoo babu, shikamooni wote. Nimerudi.

Jumatatu nilifanya zoezi la sarafu ya fedha. Nilitegemea dakika 10, likachukua 25. Maswali 43 mara tatu, sikuwa na ukuta wa kutosha. Kisha nikasoma sura ya kwanza. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi mara nne, sauti ya nahodha ilinikauka katikati nikaomba maji. Mwanafunzi mmoja wa nyuma, ambaye wenzangu walinionya kwamba hashiriki, alinyoosha mkono nilipofika pale daktari anapokataa kumwogopa mwenye kisu. Akauliza: "Daktari haogopi, au anaogopa ila haonyeshi?" Sikujua nimjibu nini, nikamwambia tusome tuone.

Nilikosea pia. Katikati ya sura nilisimama kueleza maana ya "squire" kwa dakika tano, darasa likaniponyoka, nikahangaika kulirudisha. Nilipaswa kusema ni bwana mkubwa mwenye mashamba, nikaendelea.

Jumatano ile sentensi ndefu ilitushinda kwanza, halafu wawili wakampata mtendaji kwa pamoja wakapiga kelele. Na yupo aliyesema Jim hafi. Nikauliza mbona tunaogopa, akasema: "Kwa sababu hajatuambia nani mwingine alibaki."

Leo wameniuliza yule mtu wa mguu mmoja anakuja lini. Nimewaambia sijui.


#14 Chaki_Mkononi

Mwalimu, huyo wa nyuma mpe daktari. Sura ya 16 msimulizi anabadilika, Dk. Livesey ndiye anayeshika hadithi kwa sura tatu. Mwambie mapema, ajiandae, asome yeye.